Bahasha ya Tarehe Tisa

Nilishinda kesi siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Hakimu alisoma hukumu bila kuinua macho, na alipofika ukurasa wa mwisho akatamka kwamba nusu ya karakana ya marehemu baba yetu ni yangu na nusu ni ya kaka yangu. Nilikuwa nimedai nusu, nikapewa nusu. Mawe ya mizani ya baba, yale ya shaba tunayopimia usahihi wa mizani nyingine, alisema ni ya kaka, kwa kuwa baba alimpa akiwa hai. Hilo sikulipinga. Alimpa nikiwapo.

Wakili wangu alinigusa kiwiko chini ya meza. "Hongera, mama. Zimebaki gharama tu."

Aliyeshinda hulipwa gharama zake na aliyeshindwa. Huo ndio utaratibu wa kawaida, na kwa kawaida hauchukui dakika mbili. Lakini wakili wa kaka alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema ana barua ambayo sheria ilimzuia kuionyesha kabla ya hukumu kusomwa, na sasa kizuizi hicho kimekwisha. Akampa karani nakala, karani akampa hakimu, nyingine ikaletwa mezani kwetu.

Ilikuwa ya tarehe tisa, wiki mbili baada ya mimi kufungua kesi, kabla sijapata wakili. Humo kaka alikuwa amekubali kunipa nusu ya karakana. Alikuwa amekubali pia kunipa mawe ya baba. Kila mtu angebeba gharama zake na kesi ingeishia hapo.

Wakili wangu aliisoma mara mbili. Nilimwona akirudi kwenye tarehe.

"Uliipata hii?" aliuliza bila kunitazama.

"Nilipata bahasha."

"Na?"

"Haijafunguliwa. Iko nyumbani juu ya kabati, pamoja na nyingine iliyokuja mwezi uliofuata."

Hakimu aliahirisha suala la gharama kwa wiki mbili.

Nje ya chumba kuna ukumbi mwembamba wenye benchi la mbao lililolainika kwa kukaliwa. Wakili wangu hakukaa. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa miaka ishirini, na siku zote huongea na mimi kwa adabu. Siku ile adabu ilikuwepo, ila ilikuwa inamgharimu.

"Mama, siku ya kwanza ofisini kwangu nilikuuliza kama kuna barua yoyote umepokea kutoka upande wa pili. Ulinijibu nini?"

"Nilijibu kwamba hakuna niliyoisoma."

"Nikaandika hakuna."

"Sikusema hakuna."

Alifumba macho kidogo. "Kweli wewe ni fundi mizani," alisema, na hakuwa ananisifu.

Akanieleza hatari yenyewe kwa maneno machache. Ukikataa bila sababu ya maana kitu ambacho baadaye mahakama inakupa, au kilichozidi hicho, mahakama inaona umewapotezea watu wote muda. Inauita mwenendo usio wa busara. Ikiamua hivyo, gharama za kaka tangu tarehe tisa zingeniangukia mimi: wakili wake, mthamini wa majengo, mtaalamu wa saini, mashahidi, na vikao kumi na kimoja. Sikuwa na kitu cha kuuza isipokuwa ile nusu niliyokuwa nimeipata saa moja iliyopita, na nusu ile ndiyo mahali nilipotarajia kurudi kufanyia kazi.

"Sasa nieleze," alisema, "kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu apokee barua ya wakili aiweke juu ya kabati."

Nikamweleza. Baba yetu alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na mmoja. Kabla ya hapo alisomewa barua zake na kaka yake mkubwa, na mwaka mmoja ilikuja barua ya kiwanja ambayo baba mkubwa aliisoma akaruka mistari miwili. Baba aligundua miaka mitatu baadaye, mtu mwingine akiwa ameshajenga. Hakugombana na yeyote. Alijiandikisha masomo ya watu wazima, na tangu hapo nyumbani kwetu barua yoyote iliyohusu nyumba, ardhi au karakana ilifunguliwa mezani, wahusika wote wakiwapo, ikasomwa kwa sauti kuanzia tarehe hadi saini. Mhusika mmoja asipokuwapo, bahasha ilisubiri. Nakumbuka moja iliyosubiri miezi minne mpaka mama aliporudi kutoka kumuuguza bibi.

Wiki moja baada ya kumzika baba, mimi na kaka tulikaa kwenye meza hiyohiyo tukaandika: Barua yoyote kuhusu karakana tutaifungua pamoja. Tukatia saini. Miezi saba baadaye kaka alibadilisha kufuli la karakana, akasema ana karatasi inayoonyesha kwamba baba alimwachia yote. Nilihamishia kazi kwenye baraza ya fundi viatu, nikafungua kesi. Lakini makubaliano ya barua hayakuwa yamefutwa na mtu. Kaka kuvunja jambo moja hakukunipa mimi ruhusa ya kuvunja jingine.

Wakili alisikiliza hadi mwisho. "Kaka yako anaijua habari hii ya meza?"

"Ameikulia kama mimi."

"Basi alijua hutaifungua!" Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilichangamka. "Alituma barua akijua haitasomwa. Huo ni mtego, mama, hakuna ofa hapo. Tuna pa kushika." Akakusanya mafaili yake. "Kuna kitu kingine ninachopaswa kujua?"

Swali lilikuwa pana mno. Nilimwomba alipunguze, lakini simu yake ilikuwa inaita, akaondoka akinipungia mkono.

*

Siku ya kusikiliza suala la gharama feni ilikuwa imeharibika na madirisha yalikuwa wazi. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa akichomelea geti, na kila aliposimamisha mashine hakimu aliharakisha maneno.

Alikuwa na karatasi yetu mkononi. Aliigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Hakikuwepo.

"Karatasi hii inasema mtafungua pamoja," alisema. "Haisemi hamtafungua."

Wakili wangu alisimama akasema vizuri sana. Alisema barua inayotumwa kwa mtu ambaye mtumaji anajua hataisoma haijatumwa. Alisema mteja wake amelelewa katika utaratibu huo kwa nusu karne, kwamba si ukaidi bali ni malezi, na kwamba mdaiwa ndiye mtu pekee duniani aliyejua hivyo na akautumia ujuzi huo. Wakili wa kaka akajibu kwamba sheria haiwezi kuwa na sura tofauti kwa kila meza ya chakula. Mwishowe hakimu akasema afadhali amuulize mwenyewe.

Kaka alisimama. Ni mtu mkubwa. Baba alimwita Tani, na mimi akaniita Gramu, na wateja wa zamani bado wanatuita hivyo. Koti lilikuwa limembana mabegani.

"Ulijua kwamba dada yako hataifungua barua hii peke yake?"

Wakili wake alianza kuinuka, lakini kaka alishajibu.

"Nilijua, Mheshimiwa."

"Sasa uliituma ya nini?"

"Nilidhani ana hasira. Mtu mwenye hasira huchana bahasha." Akanielekezea kidevu. "Huyu hachani. Hata peremende, tangu mdogo, alikuwa anaifungua kwa mkasi."

Watu wa benchi la nyuma walicheka. Karani alicheka pia, kisha akajikohoza. Hakimu hakucheka; alikuwa anaandika. Wakili wangu naye alikuwa anaandika, haraka, na aliponiinamia alisema neno moja: "Tumeshika."

"Swali la mwisho," hakimu alisema. "Baada ya kuituma ulifanya nini? Ulimwita muifungue pamoja, kama karatasi yenu inavyosema?"

Kaka alitazama mikono yake. Kaka yangu anakumbuka namba ya kila mizani aliyoishika tangu akiwa na miaka kumi na minne.

"Sikumbuki vizuri, Mheshimiwa."

Wakili wake akamgeukia ghafla. Hakimu akainua kalamu.

"Hukumbuki kama ulimwita dada yako?"

"Ni muda mrefu."

"Mwaka na nusu."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ni muda mrefu."

Nilielewa alichokuwa akifanya. Naandika hivi kwa sababu watu wameniuliza, na wengine wamedhani nilielewa baadaye. Nilielewa palepale. Wakili wake hakuwa ameambiwa, wakili wangu hakuwa ameambiwa, na mke wa kaka hakuwapo. Jibu lile likiandikwa lilivyo, barua ingebaki mtego na nusu yangu ingebaki yangu. Wala hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu.

Kisha hakimu akaniuliza. "Na wewe, mama? Uliitwa?"

Mashine ya kuchomelea ilikuwa imenyamaza. Nilisimama.

"Niliitwa," nilisema. "Mara mbili. Alimtuma mke wake, tarehe kumi na nne na tarehe ishirini na sita ya mwezi uleule. Aliniambia kaka yuko mezani, niende na bahasha tuifungue."

"Ukajibu nini?"

"Kwamba nitakaa mezani siku kufuli la zamani litakaporudishwa mlangoni."

"Sharti hilo la kufuli limo kwenye karatasi yenu?"

"Halimo."

Wakili wangu aliweka kalamu chini. Aliilaza sambamba na ukingo wa meza, taratibu, akaitazama. Kaka alikuwa bado amesimama. Hakimu alimwambia akae, akamwambia tena.

Uamuzi ulisomwa mchana. Gharama za kabla ya tarehe tisa kaka angenilipa mimi, nazo zilikuwa ada ya kufungulia kesi tu. Za kuanzia tarehe tisa ningemlipa yeye. Hakimu alisema hakutilia shaka ukweli wa mdai, na kwamba ukweli huohuo ndio uliomwonyesha kuwa mdai alikuwa na njia ya kuijua barua bila kuvunja makubaliano yoyote, akaiziba kwa sharti alilolitunga mwenyewe. Alikuwa sahihi. Nimeusoma uamuzi ule mara kadhaa nikitafuta kosa, sijaliona.

Nilirudi barazani kwa fundi viatu nikamalizia mizani ya mwuza sukari, iliyokuwa ikizidisha gramu arobaini. Springi yake ilikuwa imelegea. Niliibadilisha, nikapima mara tatu, ikawa sawa. Nilitazamia kuhisi kitu, na kwa kuwa sikukihisi nilichukua mizani iliyofuata.

*

Wifi alikuja kesho yake kabla ya saa sita. Hakusalimia.

"Wifi, wewe una kichwa au una boga?"

"Karibu kiti."

"Sikai! Mwenzio anajisahaulisha mbele ya hakimu kwa ajili yako, wakili wake anamtolea macho kama mjusi, na wewe unasimama unamtajia tarehe. Tarehe, wifi! Si ungesema 'mwanzoni mwanzoni'? Si ungesema hujui? Ungepungukiwa nini?"

"Ningekuwa nimesema uongo."

"Loo! Na yeye je?"

"Yeye alisema hakumbuki vizuri. Hilo ni lake."

Fundi viatu alikuwa na misumari midogo katikati ya midomo. Aliitoa ili aseme. "Mama, hapo wifi yako kakushika."

"Wewe shona," wifi alimwambia. "Na wewe ulikuwepo mara zote mbili ukisikia, hukumshauri."

"Nilimshauri. Huyu anashaurika?"

Wifi alikaa. Akavua kiatu kimoja akampa fundi amtazamie kisigino, kwa kuwa alikuwa ameshafika, akaanza kuongea kwa sauti ya chini.

"Angekusamehe leo hii. Naapa, wifi, asubuhi hii amekaa kitandani anasema nikamwambie Gramu aache, yaishe. Lakini wakili anamdai bado. Na kile alicholipwa wakili mpaka sasa kimetoka kwenye cherehani zangu mbili. Niliziuza. Hukujua?"

"Sikujua."

"Basi ndiyo hivyo. Akikusamehe wewe, mimi ndiye nitakayelipa. Sasa niambie nifanye nini."

"Sijaomba anisamehe."

"Najua hujaomba! Siku ukiomba nitacheza uchi hapa barazani." Fundi viatu alicheka peke yake. Wifi hakucheka. "Nyie wawili ni watu wa namna gani? Huyu alikosea, akaona aibu kusema, akamlipa mtu wa suti amwandikie. Wewe umekosewa, ukaona raha."

Nilimwambia sikuona raha.

"Basi uliona nini?"

Kisigino kilihitaji gundi tu. Fundi hakutaka malipo, wifi akayaacha kwenye kiti.

*

Msajili alikadiria gharama mwezi uliofuata katika ofisi ndogo iliyojaa mafaili hadi usawa wa dirisha. Wakili wangu hakuja, nilimwambia asije. Tulikuwa wanne: msajili, kaka, wakili wake na mimi. Msajili alisoma mstari mmoja mmoja na kuniuliza kama napinga. Nilipinga miwili. Mtaalamu wa saini alikuwa ameandikiwa siku ambayo hakufika, na nakala za karatasi ya baba zilikuwa zimehesabiwa mara mbili. Wakili wa kaka alianza kujibu.

"Ana haki," kaka alisema.

"Naomba niseme mimi," wakili alimwambia.

"Sema. Lakini ana haki. Siku ile mtaalamu hakuja, nilikaa pale ukumbini na njaa mpaka saa nane."

Msajili akafuta yote miwili. Kilichobaki kilizidi kidogo thamani ya nusu ya karakana kama ilivyokuwa imepimwa kwenye kesi. Nilisema nusu ichukuliwe, na kilichozidi nitakilipa kwa awamu.

"Kilichozidi kiache," kaka alisema.

"Ni kiasi gani?"

"Kiache, Gramu."

Nilitaka kuuliza tena. Msajili alikuwa akitutazama juu ya miwani. Nikakiacha.

Hati ya kuhamisha ilikuwa kurasa mbili. Niliisoma yote, nikatia saini mahali nilipoonyeshwa. Wakili alimshika kaka mkono, akanipa mimi tabasamu la heshima, akaondoka kuwahi kesi nyingine. Msajili akaanza kutafuta muhuri wake chini ya mafaili.

"Jumatatu unarudi pale kwenye meza yako," kaka alisema. "Baraza ya watu inatosha. Nani atakutoa?"

"Kwa mkataba gani?"

"Mkataba gani tena? Mimi na wewe?"

"Pango, muda, na siku za kutoa taarifa. Iandikwe."

"Unataka uwe mpangaji wangu?"

"Ndivyo nitakavyokuwa. Nataka iandikwe hivyo."

Alimtazama msajili, lakini msajili alikuwa ameinama. Kaka akashusha pumzi kwa nguvu, kama anavyofanya akiinua mizani ya magunia. Macho yake yalikuwa mekundu. Ya kwangu, nilipojiangalia baadaye kwenye kioo cha choo cha mahakama, yalikuwa kama kawaida.

"Haya," alisema. "Andika wewe. Mwandiko wako unasomeka."

Niliomba karatasi. Nikaandika miaka miwili, pango la kawaida la mtaa ule, na taarifa ya siku tisini kwa yeyote atakayetaka kuvunja. Nikamsogezea. Aliisoma yote kwa sauti, kuanzia tarehe, msajili akisikia. Alipofika kwenye tisini akaikata kwa kalamu, akaandika juu yake mia na themanini, kisha tukatia saini wote wawili.

Jumatatu nilifika saa mbili kamili. Mteja wa kwanza alikuwa mwuza nyama wa kona, amebeba mizani yake begani, akitazama huku na kule.

"Kumbe mko wote! Mmepatana?"

"Tuna mkataba," nilisema.

"Haya makubwa. Sasa karakana imekuwa ya nani?"

Kaka alikuwa anakata bati upande wa pili wa chumba. Mkasi ukasimama.

"Ya kaka," nilisema. "Mimi nimepanga. Weka hapa, lakini toa sahani kwanza, ina mafuta."

Aliitoa. Mkasi ukaendelea.